Dirisha la maabara na jarida lenye majina mawili

Mwezi wa saba hapa Dodoma upepo hauombi ruhusa. Unaingia mlangoni, unatokea dirishani, na kitu chepesi ulichokiacha mezani kihesabu sadaka. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto Mvumi, maana bibi yangu alikuwa akiusubiri upepo huo huo ndipo atoe ungo apepete uwele. Kwa hiyo sina kisingizio kwa kilichonipata mwaka jana. Nilichekecha sampuli ya makaa ya mawe ikiwa kavu, dirisha la maabara likiwa wazi kwa sababu joto la tanuri lilikuwa halivumiliki, nikapata majibu mazuri mno.

Uzuri wenyewe ulitakiwa unishtue. Sampuli ilitoka Ruvuma, kwenye rundo la vumbi linalobaki baada ya makaa makubwa kuchaguliwa na kupakiwa kwenye malori. Vumbi la namna hiyo kwa kawaida ni chafu. Limechanganyika na udongo wa mfinyanzi na unga wa mawe, na ukilichoma linakuachia majivu mengi. Langu liliacha majivu machache. Nikaandika ripoti, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, mtaa wa Kikuyu, nikiwa na furaha zangu. Kesho yake asubuhi, nikisubiri chai, ndipo nikafanya kitu ambacho kilipaswa kufanywa jana yake: nikajumlisha uzito wa vilivyobaki kwenye kila chekeche. Niliweka gramu 500. Zilizotoka ni 479.

Gramu 21 zilikuwa zimetawanyika. Kidogo kilikuwa kwenye kioo cha mizani, kidogo kwenye kingo za dirisha, na nyingine bila shaka zilishapita Chimwaga. Tena upepo hauchukui kwa haki. Unachukua chembe ndogo kuliko zote, na kwenye makaa haya chembe ndogo kuliko zote ndizo zenye udongo. Nilichokipima kilikuwa kimekwisha kupepetwa. Kibaya zaidi, asilimia nilikuwa nazipiga kwa jumla ya kilichotoka, si kwa kilichoingia, kwa hiyo karatasi yangu ilionyesha 100 kamili bila aibu yoyote.

Nasimulia haya kwa sababu nina kazi mbili ambazo nikizitaja pamoja watu hucheka. Mchana mimi ni fundi wa maabara ya madini. Jioni, na Jumamosi kadhaa, namsaidia dada mmoja mkutubi wa chuo kuhesabu marejeo ya tasnifu za wanafunzi wa madini. Chuo kinaweza kulipia majarida machache tu, naye anataka kujua ni yapi yanatumika kweli. Kazi moja inanichafua vidole, nyingine inaniumiza macho. Kosa nililolifanya mbele ya dirisha nililirudia vile vile kwenye kompyuta, mahali ambapo hakuna hata upepo.

Nianze na makaa, maana ndiyo niliyoyasomea.

Bibi angelielewa tatizo letu haraka. Upepo unatenganisha uwele na pumba kwa kuwa punje ni nzito na pumba ni nyepesi. Makaa makubwa nayo husafishwa kwa wazo hilo hilo, ila kwa maji. Makaa safi yana uzito wa karibu mara 1.3 ya maji, jiwe lake karibu mara 2.5, basi jiwe linatangulia chini. Lakini mpe bibi unga wa uwele uliochanganyika na mchanga laini, umwambie apepete, atakuuliza kama umelala vizuri. Kwa chembe hizi ndogo kabisa, upana ukipungua mara kumi, kasi ya kuzama inapungua mara mia. Tofauti ya uzito bado ipo. Muda wa kuisubiri ndio haupo.

Hapo ndipo tunaligeukia povu. Makaa hayapendi maji, yanapenda mafuta, na udongo ni kinyume chake. Unakoroga vumbi na maji kwenye chombo chenye panga linalozunguka chini, unadondosha dizeli kidogo ili makaa yazidi kuyakataa maji, unaongeza dawa ya kufanya povu, unafungulia hewa. Makaa yananing'inia kwenye viputo, yanapanda, na wewe unaengua juu kama mtu anayeengua povu la maharage. Wenyewe huita flotesheni. Ukiiona mara ya kwanza unadhani ni mazingaombwe: tope jeusi chini linageuka kijivu, weusi wote uko juu.

Sasa njoo kwenye matone. Sampuli yangu ya jaribio ni gramu 200. Dozi niliyoanza nayo ilikuwa kilo moja ya dizeli kwa tani ya makaa, maana yake gramu 0.2 kwa chombo changu. Hayo ni matone kumi hivi. Tone moja likidondoka kwa bahati mbaya, au likibaki limeng'ang'ania ncha ya sindano, umeshakosea sehemu moja ya kumi, halafu unakaa kubishana na mwenzako kwa nini jaribio la asubuhi na la mchana halifanani. Siku hizi nachukua sindano ya hospitali ya mililita 1, naipima kwenye mizani kabla na baada, naandika tofauti. Inachosha, na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza, "Mama, kwani tunapima dhahabu?" Nikamwambia apime matone yake kumi, kisha mengine kumi, aniletee namba mbili. Hakuuliza tena.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi na yanaota ukoko mweupe kwenye birika; kila mtu aliyewahi kuchemsha chai Dodoma anaujua. Chumvi kwa makaa si adui moja kwa moja, maana maji ya chumvi husaidia viputo visiungane na makaa yaelee vizuri. Kuna mitambo Australia inayotumia maji ya chumvi na kuokoa dawa ya povu. Lakini madini ya chokaa yaliyomo humo yanaweza kuufanya udongo uyaparame makaa kama masizi kwenye sufuria, na makaa yaliyovaa udongo hayaoni dizeli wala kiputo. Nilikuwa natumia maji yaliyochujwa siku yakiwepo, na ya bomba siku yakiisha, nikiandika "maji" tu kwenye daftari. Majaribio ya miezi mitatu nimeyaweka kando kwa neno hilo moja.

Na kuchekecha sasa nachekecha kwa maji. Nalowesha vumbi, nakoroga hadi vibonge viachie, naosha juu ya chekeche ya milimita 0.038 mpaka maji yatoke meupe, kisha nakausha na kupima kila fungu. Sampuli ile ile iliyonidanganya, kwa njia kavu ilionyesha asilimia 6 tu ya chembe zilizopita chekeche hiyo. Kwa maji zikawa 19. Zile nyingine zilikuwa zimejibana juu ya chembe kubwa muda wote, zikihesabiwa kwa jina la wenyeji wao.

Majivu yenyewe hayana ujanja mwingi: gramu moja ya unga, tanuri lipande polepole hadi nyuzi 500, likae, kisha 815. Upole huo una sababu. Ukiharakisha, salfa iliyomo kwenye makaa inakamatwa na chokaa kabla haijatoroka, inabaki kwenye kikombe, nawe unaihesabu kuwa ni majivu. Umeme ukikatika katikati, anza upya na umshukuru Mungu.

Kinachonilinda siku hizi ni hesabu ya mstari mmoja. Tuseme vumbi lililoingia lina majivu asilimia 32, makaa yaliyoelea yana 14, tope lililobaki lina 62. Sehemu iliyoelea lazima iwe 62 toa 32, gawa kwa 62 toa 14, yaani 30 kwa 48, asilimia 62.5. Halafu napima uzito wa kilichoelea kwa mizani. Namba mbili zikikaribiana nalala. Zikipishana, kuna dirisha mahali fulani.

Nilipofika hapo nilijiona mjanja. Ndipo dada wa maktaba akaniletea faili lake.

Swali lake ni la zamani kuliko alivyodhani. Mwaka 1927 watu wawili wa Marekani, wote kwa jina Gross, walihesabu marejeo yaliyomo kwenye jarida kubwa la kemia la nchini kwao ili kuishauri maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani. Eugene Garfield alikuja baadaye sana. Faharasa yake ya marejeo ya sayansi ilianza kuchapishwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ndipo zikazaliwa hizi alama za kuhesabu nani ametajwa mara ngapi, ambazo wahadhiri wetu wanazikimbilia wakati wa kupandishwa vyeo. Mimi alama hizo hazinihusu. Dada naye hazimhusu. Ana hela ya majarida machache na anataka asikosee.

Nikapakia marejeo yote kwenye OpenRefine, programu ya kuunganisha majina yaliyoandikwa kwa namna tofauti. Ile programu inafanya kitu kizuri: inashusha herufi zote kuwa ndogo, inafuta nukta na mikato, inapanga maneno kwa alfabeti, na maandishi yanayobaki kufanana inayaweka kapu moja. Yanayokaribiana bila kufanana unayapima kwa umbali wa herufi, yaani ni herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili neno moja liwe jingine. Kipimo hicho alikitoa Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Nikaweka kikomo cha herufi tatu. Mistari iliyoungana nikaikubali, ambayo programu haikuitambua nikaifuta, nikapiga asilimia kwa iliyobaki. Jumla ikaja 100 kamili.

Umeshaona. Mimi nilichukua siku mbili kuona, na ilitokea nikiwa kwenye daladala ya Sabasaba, nimebanwa kati ya gunia la mlenda mkavu na mama mwenye kuku. Nilikuwa nimepiga hesabu kwa kilichotoka.

Nikarudi kwenye mistari niliyoifuta. Yalikuwemo mavumbi yetu yote. Ripoti za zamani za jiolojia za enzi za Tanganyika, ambazo zina namba badala ya jina la jarida. Tasnifu za hapa hapa. Stockley, aliyeandika mwaka 1932 kuhusu makaa ya bonde la Ruhuhu, kule kule yanakotoka makaa ninayoyaelesha. Wanafunzi walikuwa wamefupisha jina la jarida lake kwa namna nne, moja ikiwa herufi kubwa nne tu mfululizo. Samuel Bradford alionyesha mwaka 1934, tena akitumia maandishi ya jiofizikia, kwamba majarida machache hubeba sehemu kubwa ya makala za fani na zinazobaki hutawanyika kwenye majarida mengi sana, moja moja. Mkia huo ndio uliokuwa umepeperuka. Na kama ilivyokuwa dirishani, haukupeperuka kwa haki: marejeo ya ng'ambo yaliandikwa kwa mtindo ambao programu inaujua, ya kwetu hayakuandikwa hivyo.

Kikomo changu cha herufi tatu nacho kilikuwa balaa. Kuna jarida la Minerals Engineering na kuna jarida la Mining Engineering. Ni mawili, hayana undugu. Wanafunzi huyafupisha Miner. Eng. na Min. Eng., umbali wa herufi mbili, programu ikayafungisha ndoa. Wakati huo huo Fuel Processing Technology na ufupisho wake Fuel Process. Technol., ambayo ni jarida moja, yamepishana kwa herufi sita, yakatengana. Na lile ambalo kwa kazi yetu ni muhimu kuliko mengi, Coal Preparation, lilibadili jina mwaka 2008 likawa International Journal of Coal Preparation and Utilization. Hakuna umbali wa herufi utakaokwambia hilo. Unalijua au hulijui. Kwenye orodha yangu ya kwanza vipande hivyo viwili vilikuwa chini kabisa, kila kimoja peke yake. Vilipoungana vikapanda kuliko majarida ambayo dada alikuwa ameshayaandika kwenye rasimu ya bajeti.

Majina ya waandishi sitayamaliza leo. Mimi mwenyewe niko wawili: kwenye ripoti moja ya mkutano jina la mwisho ni la baba, kwenye nyingine ni la babu, kulingana na nani aliyejaza fomu. Upande wa China, ambako kazi nyingi za kusafisha makaa laini zinafanyika, tatizo limegeuka: Zhang mmoja mwenye herufi moja ya kwanza anaweza kuwa watu kumi na watano. Sisi tunagawanywa, wao wanarundikwa. Kwa bahati dada alitaka majarida, si watu, nikashukuru nikapita.

Kilichonisaidia kuondoka kwenye kikomo cha herufi tatu kilitoka maabara. Kwenye flotesheni hatuulizi "makaa yameelea mangapi" tukanyamaza. Unaengua sekunde 15 za kwanza kwenye sinia lake, 15 zinazofuata kwenye jingine, kisha dakika, kisha dakika mbili, na kila sinia unalichoma kivyake. Povu la mwanzo ni safi na ni kidogo. Ukiendelea kuengua unapata makaa mengi zaidi na uchafu mwingi zaidi. Ukichora, unapata mstari unaopinda, na mteja achague asimame wapi: kiwanda cha saruji kinavumilia majivu ambayo mwingine atayakataa.

Basi nikafanya hivyo kwa marejeo. Nilichanganya mistari yote, nikachota 200 kwa bahati nasibu, mimi na dada tukaikagua kwa macho kila mtu kivyake, bila kuoneshana. Pale tulipopishana tulikaa na chai tukabishana. Kisha nikaiachia programu ikiwa kali kabisa, halafu nikailegeza hatua kwa hatua, na kila hatua nikahesabu mambo mawili: imeunganisha ngapi zilizostahili, na imefungisha ndoa ngapi za haramu. Nikachora. Ulikuwa mstari wangu wa flotesheni mtupu. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia, akanisalimu kwa Kigogo na kuniuliza, "Mbukwenyi, mko wangapi humo?"

Kuna kipande kingine ambacho bado kinanisumbua. Kwenye povu, udongo mwembamba sana hupanda hata kama haujashika kiputo chochote. Unabebwa tu na maji yanayopanda katikati ya viputo. Haupendi mafuta, haukualikwa, upo juu kwa sababu ni mwepesi na njia ilikuwepo. Dawa yake ni kuliosha povu kwa maji kutoka juu, au kulirudisha chomboni likaelee upya mara ya pili na ya tatu. Marejeo nayo yako hivyo. Mwaka 1975 Moravcsik na Murugesan walisoma makala za fizikia wakiuliza kila rejeo lina kazi gani pale lilipo, wakakuta karibu asilimia 40 yametajwa kwa kupita tu. Yamebebwa na maji. Simkin na Roychowdhury wakaja miaka ya 2000 mwanzoni wakafuatilia makosa ya uchapaji, namba ya ukurasa iliyokosewa inavyojirudia kutoka makala hadi makala, wakakadiria kwamba karibu mtu mmoja katika watano ndiye anayesoma anachokitaja.

Nilisoma hilo nikatikisa kichwa kwa kuwasikitikia wenzangu. Halafu nikakumbuka kilo moja kwa tani. Ile dozi ya dizeli niliitoa kwenye tasnifu. Nikaifungua tena, ikanitupa kwenye makala, makala ikanitupa kwenye makala nyingine, na ile ya mwisho ilihusu makaa ya bara jingine, yametoka mgodini siku hiyo hiyo, na dozi ilitajwa kama mahali pa kuanzia tu. Makaa yangu yalikuwa yamekaa kwenye rundo yakinyeshewa na kupigwa jua. Makaa yakikaa nje, uso wake unashika oksijeni na kuanza kuyapenda maji. Yanahitaji mafuta mengine kabisa. Na kwenye faili la dada, nikitafuta namba moja ya ukurasa ambayo nilijua imekosewa, niliikuta kwenye tasnifu nne. Ya tano ilikuwa ripoti yangu ya diploma.

Sikumwambia dada siku hiyo. Nimemwambia Jumamosi iliyopita, nilipompelekea kazi: mchoro mmoja wenye mstari uliopinda, na maelezo ya kurasa mbili kwamba ukisimama hapa jarida hili linaingia, ukisimama pale linatoka. Aliusoma wote, na kwa hilo namheshimu. Kisha akavua miwani.

"Mdogo wangu, nimeelewa. Lakini fomu ya bajeti ina mistari sita, haina mahali pa mchoro."

Tukakaa. Majarida manne yalibaki ndani popote pale uliposimama kwenye mstari, hayo akayaandika bila mjadala, Coal Preparation na jina lake jipya likiwa la pili. Mstari wa tano tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Wa sita hakuandika jarida. Aliandika gharama za kuchapisha nakala za ripoti za zamani za makaa ya kusini, akaniambia nikaulize bei kwa kuwa mimi ndiye ninayejua zinaitwaje. Nitakwenda Alhamisi, maabara ikiruhusu. Kuna sampuli nyingine ya vumbi imefika, imelowekwa tangu jana.